Mshipi wa mkono baharini: uzi upi, chubwi zito kiasi gani, na ufunge vipi

Kila kaskazi ikikaribia, maswali ya wanaoanza huwa yale yale. Ninunue mshipi namba ngapi? Ndoana ipi? Mbona tuko chombo kimoja, mwenzangu anapandisha samaki aitwaye changu na mimi napandisha majani? Nimeyakusanya hapa ili niyajibu mara moja. Mwongozo huu ni wa mtu anayeanza kuvua kwa mshipi wa mkono kwenye pwani yetu, awe kwenye ngalawa, mtumbwi, boti ya mashine au amekaa gatini na chupa yake ya uzi. Ukiwa unatumia fimbo, mafundo na mpangilio wa ndoana ni hayo hayo.

Wengi huanza kwa kuuliza samaki. Anza na maji. Kina, kasi ya mkondo na hali ya chini (mchanga, mwamba au majani) ndivyo vinavyoamua uzito wa chubwi, yaani kile kizito kinachozamisha mshipi. Uzito wa chubwi pamoja na meno ya samaki ndivyo vinavyoamua uzi. Anayekimbilia uzi mnene "ili usikatike" anajitia taabuni mwenyewe, maana uzi mnene hubebwa na mkondo, ukibebwa unadai chubwi zito, na chubwi zito linamnyima mkono wako kumsikia samaki anayedonoa. Ukienda na wavuvi wenye mazoea utaona uzi wao ni mwembamba kuliko ulivyodhani.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Uzi wa nailoni wa aina mbili: mmoja wa kuwa mshipi mkuu, mwingine mwembamba zaidi wa matawi, yaani nyuzi fupi zinazoshika ndoana. Mita 100 za mshipi mkuu zinamtosha anayevua ndani ya mwamba, yaani kati ya mwamba na ufuo.
- Ndoana za ukubwa mbili au tatu. Kumbuka namba zake zinakwenda kinyume: namba 12 ni ndogo kuliko namba 8, na namba 8 ni ndogo kuliko namba 5. Zenye alama ya /0 ndizo zinazokua namba ikikua, kwa hiyo 6/0 ni kubwa kuliko 2/0.
- Machubwi ya uzito mbalimbali. Usiende baharini na uzito mmoja tu.
- Swiveli chache, yaani vile viungo vidogo vya chuma vinavyozunguka ili uzi usijisokote.
- Waya mwembamba wa chuma kisichoshika kutu, ukiwa unakusudia nguru au mzia, samaki wenye meno makali.
- Chupa ya plastiki au kibao cha kukunjia mshipi, kisu, koleo, na vipande vya tyubu ya baiskeli vya kuvaa vidoleni. Tyubu usiidharau. Uzi wa 0.60 mm wenye samaki wa kilo 6 upande wa pili unakata nyama ya kidole hadi damu.

Kuhusu unene: dukani wengine watakutajia namba, wengine ratili, wengine kilo. Wewe tazama milimita kwenye kibandiko. Kwa makadirio, nailoni ya 0.40 mm huhimili kama kilo 10, ya 0.60 mm kama kilo 20, ya 0.80 mm kama kilo 35, na ya 1.00 mm hupita 50. Hutofautiana kwa watengenezaji, na fundo baya linaweza kula nusu ya nguvu hiyo.

Ulizia pia kwenye diko, yaani pwani wanaposhukia wavuvi, unakokwenda. Kwenye madiko mengi ya Kenya na Tanzania bara uvuvi unasimamiwa na BMU (kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufukwe), na Zanzibar kuna kamati za wavuvi. Leseni na mipaka utaambiwa hapo. Maeneo ya hifadhi kamili kama Kisite, Malindi na Watamu upande wa Kenya, au mwamba wa Chumbe huko Unguja, hayavuliwi kabisa.

Hatua kwa hatua

1. Soma maji kabla ya kugusa uzi. Jua leo ni bamvua (maji yanapojaa na kupwa sana) au maji mafu (yanapojaa na kupwa kidogo). Bamvua huja karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Maji mafu huja mwezi ukiwa nusu. Kwenye pwani yetu bamvua lina saa zake: maji hujaa kwenye saa kumi hadi saa kumi na moja, alfajiri na jioni, na hupwa kwenye saa nne hadi saa tano. Kisha kila siku inayofuata saa hizo husogea mbele kwa kama dakika 50. Unguja wakati wa bamvua kubwa, maji hupanda na kushuka karibu mita 4, na maji yote hayo lazima yapite mahali. Ndiyo maana mkondo wa bamvua kwenye mlango wa mwamba unaweza kuchukua chubwi la nusu kilo na kulipeleka unakotaka wenyewe. Anayeanza namshauri aanze na maji mafu. Ukilazimika kutoka siku ya bamvua, panga kuwa na mshipi majini saa moja kabla maji hayajajaa na saa moja baada ya kuanza kutoka. Hapo katikati mkondo hulegea na samaki hula.

2. Chagua mshipi mkuu. Ndani ya mwamba, maji ya mita 5 hadi 15, uzi wa 0.50 au 0.60 mm unatosha kwa changu na wenzake. Nje kidogo, mita 20 hadi 40, nenda 0.70 au 0.80 mm, si kwa sababu samaki wote ni wakubwa, ila mkono unahitaji kitu cha kushika unapovuta kina hicho, na mwamba huchuna uzi. Kwa chewa mkubwa kwenye mapango, au kwa kurambaza (kuvuta mshipi nyuma ya chombo kinachotembea), 1.00 mm na kuendelea. Maji yakiwa maangavu kama ya Mafia wakati wa kaskazi, punguza unene wa matawi, siyo wa mshipi mkuu. Maji yakiwa ya udongo, kama yanavyokuwa pande za Malindi mto Sabaki unapomwaga maji ya mvua, samaki haoni uzi wako, ananusa. Hapo weka nguvu kwenye chambo chenye harufu, ngisi au vibua vilivyokatwa, na uache kuhangaika na wembamba.

3. Chagua chubwi. Kanuni ni moja: chubwi jepesi kuliko yote litakalofika chini na kubaki hapo. Anza na dogo. Shusha, subiri liguse, kisha tazama uzi unavyoingia majini. Ukilala sana kuelekea nyuma ya chombo, zaidi ya nusu ya njia kutoka kusimama hadi kulala, ongeza uzito. Ukisimama wima kabisa na unasikia chubwi likigongagonga kila wimbi, umezidisha. Kwa kuanzia: gramu 30 hadi 60 ndani ya mwamba siku za maji mafu, gramu 150 hadi 250 kwenye mita 20 au 30, na gramu 400 hadi 600 kwenye mkondo wa bamvua au kilindi. Badilisha mkondo unapobadilika. Wengi hufunga chubwi la asubuhi na kurudi nalo jioni, ilhali katikati ya safari maji yamesimama na gramu 80 zingetosha.

   Tahadhari: risasi ni sumu. Usiibane kwa meno, na nawa mikono kabla ya kula. Usiyeyushe betri kuukuu za gari jikoni kwako ili upate risasi ya kumimina, moshi na vumbi lake ni hatari hasa kwa watoto. Kwenye mwamba unaonasa sana, nati kuukuu, kipande cha nondo au plagi mbovu ya gari hufanya kazi ile ile, na ukiipoteza huumii.

4. Funga ndoana. Kwa ndoana yenye tundu: pitisha uzi tunduni, zungusha ncha kwenye uzi wake wenyewe mara 6 (mara 4 kama uzi ni wa 0.80 mm au zaidi), rudisha ncha kwenye kitanzi kidogo kilicho karibu na tundu, kisha ipitishe tena kwenye kitanzi kikubwa ulichokitengeneza sasa hivi. Lowesha kwa mate. Vuta polepole mpaka mizunguko ijipange sawasawa. Kata ncha ukibakisha kama milimita 3.

   Kwa ndoana ya kichwa bapa isiyo na tundu: leta uzi kutoka kwenye bapa hadi karibu na mpindo, ukunje hapo urudi kwenye bapa, umepata kitanzi kinachotazama mpindo. Chukua ncha, anza kwenye bapa, zungushia mwili wa ndoana pamoja na nyuzi zote mbili mara 7 ukishuka kuelekea mpindo. Ingiza ncha kwenye kitanzi, lowesha, vuta uzi mkuu mpaka fundo likaze. Hakikisha uzi unatokea upande wa bapa unaotazamana na ncha ya ndoana. Ukitokea upande wa nyuma, ukingo wa bapa utausugua, na samaki mkubwa wa kwanza ataondoka na ndoana yako.

   Neno la kulowesha watu hulipuuza. Nailoni ikikazwa kavu hupata joto la msuguano na kudhoofika hapo hapo kwenye fundo. Kisha jaribu kila fundo kwa kulivuta kwa nguvu kabla ya kulitia majini. Likifyatuka chomboni umepoteza dakika moja.

5. Panga mshipi kulingana na chini. Mipangilio iko mingi. Mimi ninaona mitatu inamtosha mtu mwaka mzima.

   *Chubwi chini, matawi juu.* Huu ni wa mwamba na wa changu. Chubwi linakaa mwisho kabisa wa mshipi, ndoana mbili zinaning'inia juu yake kwenye matawi mafupi. Tawi la kwanza liwe sentimita 30 juu ya chubwi, la pili sentimita 40 juu ya la kwanza, na kila tawi liwe na urefu wa sentimita 15 hadi 20. Matawi yakiwa marefu kuliko nafasi iliyo kati yake, yatasokotana. Kutengeneza tawi: fanya kitanzi kikubwa kwenye uzi, sokota mahali nyuzi zinapopishana mara 6 huku ukiacha upenyo katikati ya msokoto, ingiza tumbo la kitanzi kwenye upenyo, lishike kwa kidole, lowesha, vuta pande zote mbili. Kitanzi kitasimama pembeni, nawe utafunga tawi la ndoana hapo. Ndoana za changu wa kawaida ni namba 8 hadi 10.

   Sasa siri ya mpangilio huu: chubwi lifunge kwa kipande cha uzi dhaifu kuliko mshipi, tuseme 0.40 mm chini ya mshipi wa 0.60 mm. Likinasa kwenye jiwe, uzi dhaifu unakatika, chubwi linabaki, wewe unarudisha ndoana zote na pengine na samaki.

   *Chubwi la kuteleza.* Huu ni wa mchanga na majani, na wa samaki mwenye wasiwasi. Chubwi lenye tundu katikati linapita kwenye mshipi mkuu, linazuiwa na swiveli, na baada ya swiveli kuna uzi mwembamba wa mita 1 hadi 1.5 wenye ndoana moja. Samaki akichukua chambo, uzi unapita ndani ya chubwi bila yeye kuhisi uzito. Siku ya bamvua fupisha uzi huo wa mbele hadi nusu mita, la sivyo mkondo utauzungusha kwenye mshipi. Kwa chewa tumia mpangilio huu huu kwa uzi mnene na ndoana ya namba 5 au 6/0, ila tafadhali siyo mlangoni mwa pango, kwa sababu akishaingia ndani na kutanua mashavu humtoi.

   *Mshipi wa kurambaza.* Hauna chubwi la chini. Unavutwa nyuma ya chombo kinachotembea, kwa tanga au mashine, kama maili 4 hadi 6 za baharini kwa saa. Mshipi mkuu wa 1.00 mm, achia mita 30 hadi 50, swiveli, halafu waya wa sentimita 30 hadi 50, halafu ndoana yenye kibua kizima au manyoya meupe. Huu ndio wa nguru, jodari na kolekole, na msimu wake mzuri ni kaskazi, bahari ya nje inapotulia. Wakati wa kusi kali, vyombo vidogo vibaki ndani ya mwamba. Hakuna nguru anayestahili mtumbwi kupinduka.

6. Funga waya, kama kuna meno. Nguru na mzia wanakata nailoni ya unene wowote utakaoweza kuununua. Pitisha waya kwenye tundu la ndoana, kunja, kisha sokota nyaya zote mbili kwa pamoja, kila mmoja ukimzunguka mwenzake, mara 4 au 5. Hapo ndipo umalizie kwa kuuzungusha mkia peke yake, mizunguko 4 iliyobanana, ukiwa umesimama pembeni wima. Makosa ya kawaida ni kuzungusha mkia tangu mwanzo huku waya mkuu umenyooka; fundo la namna hiyo huteleza. Mkia usiukate kwa koleo. Upinde mbele na nyuma mpaka ukatike wenyewe karibu kabisa na fundo, maana ncha iliyokatwa kwa koleo itakuchana kiganja. Waya ukipinda kona kali hata mara moja, tupa, weka mwingine. Na kwa changu usitumie waya kabisa. Atauona na kuuacha.

7. Shusha, shika, sikiliza. Achia mshipi kwa mwendo unaouongoza kwa vidole, usiumwage wote. Ukigusa chini, nyanyua kiasi cha mkono mmoja ili chubwi lisilale kwenye mwamba, kisha pitisha uzi juu ya kidole cha shahada. Changu hudonoa mara mbili tatu kabla ya kubeba. Wageni huvuta kwenye mdonoo wa kwanza na kupandisha ndoana tupu. Subiri uzito. Ukiupata, vuta kwa mkono mrefu mara moja, kisha usilegeze tena. Samaki mkubwa akikimbia mwachie uzi upite ndani ya tyubu kwa kubanwa kidogo, na kamwe usiuzungushe mshipi kwenye kiganja, kifundo cha mkono au mguu. Watu wamepoteza vidole kwa hilo.

   Uzi unaoupandisha uweke chini kwa mpangilio ndani ya chombo, mbali na miguu na mbali na ndoana ya jirani yako. Samaki usiyemjua usimshike kwa kiganja. Tasi ana miiba yenye sumu inayouma saa nyingi (maji ya moto ya kuvumilika husaidia kutuliza), na bunju hata ukimkuta kwenye ndoana yako haliwi, sumu yake huua.

8. Kunja na utunze. Nailoni haiozi ila jua huila. Suuza mshipi kwa maji baridi ya kisima, ukunje kwenye chupa bila kuukaza, uweke kivulini. Kabla ya safari nyingine pitisha mita 5 za mwisho kati ya kucha mbili. Ukihisi mikwaruzo, kata na ufunge upya. Vipande vilivyokatwa rudi navyo nyumbani. Vikibaki baharini vinanasa kasa na kuendelea kunasa miaka.

Ukikwama

*Mshipi unasokotana kila ukipandisha.* Ama matawi ni marefu mno, ama chambo kinazunguka kama pia kwa kuwa umekitunga upande mmoja. Fupisha matawi, tunga chambo kikae kimenyooka kwenye mwili wa ndoana, na uweke swiveli juu ya tawi la kwanza. Uzi ambao tayari umesokotwa unyooshe kwa kuuachia nyuma ya chombo ukiwa mtupu, bila chubwi wala ndoana, na chombo kiende taratibu.

*Nasikia midonoo, sipati kitu.* Ndoana ni kubwa kuliko mdomo. Chukua ndoana ndogo zaidi kwa namba mbili (kama ni 8, nenda 10), punguza chambo, kisha angalia ncha: ikipita juu ya ukucha bila kuukwaruza, ni butu.

*Wenzangu wanapata, mimi sipati.* Mara nyingi chubwi lako haliko chini. Kwa kina cha mita 25 na mkondo wa wastani, unaweza kudhani umegusa kumbe mshipi unaelea katikati. Nyanyua na ushushe mara kadhaa. Chini panagonga, katikati hapagongi. Ukiwa na uhakika uko chini, linganisha uzi wa tawi lako na wa jirani kabla ya kulaumu bahati.

*Unakatika kwenye fundo.* Ulilikaza kavu, au ulizungusha mara nyingi mno kwenye uzi mnene. Ukikatika ukiacha ncha iliyopindapinda kama mkia wa nguruwe, fundo limefunguka, halikukatika: ongeza mzunguko na ubakishe ncha ndefu kidogo.

*Unakatika katikati ya mshipi.* Jiwe limeuchuna, au ni uzi wa zamani uliokaa juani. Funga fundo la kawaida kwenye kipande kilichobaki na uvute. Ukikatika kwa nguvu ndogo, usiunge. Badilisha wote.

*Nimenasa.* Usivute kwa hasira ukiwa juu ya jiwe lenyewe. Legeza mshipi kabisa kwa dakika moja, samaki akiwa ndiye aliyekwamisha atatoka. Asipotoka, sogeza chombo mpaka upande wa pili, mbele ya mkondo, uvute kutoka huko. Ikishindikana, zungushia uzi kwenye kipande cha mti, siyo mkononi, kisha vuta moja kwa moja mpaka kile kipande dhaifu cha chubwi kikatike.